Inawaka, Inazunguka: Gramafoni ya Mtumba au Mpya ya Bei Nafuu?

MUULIZE BI FUNDI

*Shikamoo Bi Fundi. Mjomba ameniachia santuri sabini na kitu kwenye sanduku la bati. Nyingi ni zile pana za plastiki, lakini kumi na moja ni nene na nzito, na moja ilivunjika kama kigae nilipoiangusha. Gramafoni yake haikuonekana. Nina spika mbili zenye umeme wake, sina amplifaya. Nimepata gramafoni mbili kwa bei inayokaribiana. Ya kwanza ni ya Kijapani, ya zamani, nzito, mota inazungusha sinia moja kwa moja bila mkanda. Muuzaji ametuma picha tatu na kuandika "inawaka, inazunguka". Ya pili ni mpya, imo ndani ya boksi, ndogo, ya mkanda, ukibonyeza kitufe mkono unakwenda na kurudi wenyewe. Rafiki zangu wote wanasema za zamani ndizo zenye sauti. Nichukue ipi?*
— Mrithi wa Sanduku

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mjomba. Na ahsante kwa kunihesabia santuri zako, maana wengi huniandikia "ninazo nyingi" nikabaki kukisia.

Nianze na maneno ya huyo muuzaji. Inawaka, inazunguka. Hata feni inawaka na inazunguka. Gramafoni inatakiwa izunguke kwa mwendo mmoja usioyumba, izunguke kimya, na wakati huohuo ishikilie sindano nyembamba ipite ndani ya mfuo, ule mstari uliochongwa kwenye santuri, bila kuuchuna. Muuzaji hakuandika "inapiga". Mtu anayeuza kitu chake hasahau kutaja sifa, kwa hiyo ama hana santuri ya kujaribia, ama alijaribu na akasikia alichokisikia.

Mwombe picha mbili zaidi kabla hujatoa hata nauli. Moja ipigwe nyuma ya mkono, pale panapokaa jiwe la mizani, kile chuma cha mviringo kinachosawazisha uzito. Jiwe hilo huchomolewa wakati wa kuhama nyumba, likawekwa "mahali pazuri", lisionekane tena. Na si kila jiwe linafaa kila mkono. Limepimwa kwa mkono wake. Nayajua haya kwa aibu. Gramafoni ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe haikuwa nalo, nami kwa ujuaji wa ujana nikabandika sarafu kwa gundi kwenye mkia wa mkono mpaka ukaonekana umelala sawa. Miezi miwili nilijiona fundi kweli. Kumbe sindano ilikuwa inakandamiza mno, na upande wa pili wa santuri niliyoipenda kuliko zote sasa unalia kama mvua juu ya bati. Bado ninayo. Huitoa kila mtu anaponiambia uzito wa sindano ni mambo ya wenye makuu.

Picha ya pili ni ya kibandiko cha nyuma, penye volti. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wa volti 220 au 240 itawaka mara moja, kwa maana ile nyingine ya kuwaka. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme. Hiyo yako, kwa kuwa sinia linakaa juu ya mota yenyewe na mota inaongozwa na saketi, kwa kawaida haijali kama umeme ni wa hezi 50 au 60. Lakini kwa faida ya wasomaji wengine: mashine nyingi za zamani za mkanda zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani. Iliyopangwa kwa hezi 60 ukiileta kwenye hezi 50 itakwenda pole kwa karibu asilimia 17, na mwimbaji wa kike atageuka mwanamume aliyetoka usingizini. Transfoma haitibu ugonjwa huo. Inatakiwa ibadilishwe puli.

Sasa hilo la rafiki zako. Wana ukweli nusu. Miaka ya 1970 gramafoni ilikuwa ndiyo moyo wa muziki wa nyumbani, viwanda vya Japani vilizitoa kwa wingi na vilishindana kwa chuma, beringi na mota. Kampuni ya Technics ilitoa gramafoni ya SL-1200 mwaka 1972, ikaiboresha mwaka 1979, na hizo za 1979 nimezifungua zikiwa zimezunguka maisha yao yote kwenye kumbi za dansi bila kuhitaji zaidi ya kufutwa vumbi. Ndiyo maana kampuni iliposimamisha utengenezaji mwaka 2010 watu walilalamika, na mwaka 2016 ikairudisha. Kwa fedha ileile, mashine ya mtumba ya enzi hizo mara nyingi ina sinia zito zaidi na mkono wa maana zaidi kuliko mpya ya bei ya chini.

Nusu ya pili hawakukuambia. Sidii zilianza kuuzwa mwaka 1982, na baada ya hapo viwanda vikaanza kubana. Mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa zile zilizouzwa kama ghorofa ya juu ya redio kubwa ya nyumbani, ni plastiki tupu na mota ya mwanasesere. Nazo leo zinaitwa "za zamani" na zinaombewa bei ya wakubwa zao. Inua kona moja. Ikinyanyuka kama boksi la viatu, umri wake haukusaidii kitu.

Halafu hesabu yako ina kasoro. Unasema bei zinakaribiana. Hazikaribiani. Kwenye ile ya mtumba ongeza sindano, kwa sababu sindano yoyote unayoikuta ndani ya mashine iliyotumika ihesabu imekufa mpaka ithibitike kuwa hai. Almasi ya sindano hudumu kiasi cha saa 500 hadi 1,000 za kupiga, kutegemea umbo na usafi wa santuri, na hakuna mwenye mashine anayeandika saa hizo popote. Sindano iliyolika haitoi sauti mbaya tu. Inageuka patasi. Utajaribia santuri za mjomba, na kila utakayoijaribia utakuwa umeipunguza.

Ongeza pia kikuza sauti cha fono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu barua nyingi ninazopokea kuhusu "gramafoni isiyosikika" zinaishia hapa. Katriji, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, ikiwa ya kawaida ya sumaku hutoa sehemu chache tu za elfu za volti, tuseme milivolti 3 hadi 5. Spika zako zinategemea mara mia ya hizo. Si uchache tu: wakati santuri inachongwa, besi hupunguzwa ili mfuo usitanuke ukala nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mchakacho wa plastiki. Kipimo cha kupunguza na kuongeza huko kilikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954, kikaenea kwingine. Kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kugeuza kinyume: kishushe kilichopandishwa, kipandishe kilichoshushwa, kisha kikuze vyote. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, kwenye tundu la fono. Wewe huna amplifaya. Ile mpya ya kwenye boksi karibu hakika inacho tumboni, na nyuma ina swichi ya kukiwasha au kukizima. Ile ya Kijapani karibu hakika haina. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye spika utasikia muziki kama wa mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na utaniandikia tena.

Kwa hiyo upande mmoja una mashine, sindano, kikuza sauti, na pengine transfoma. Upande wa pili una boksi.

Lakini nisilisifie boksi kupita kiasi. Kwenye hizi mpya za kujiendesha, fedha imepunguzwa mahali fulani. Sinia ni jepesi. Uzito wa sindano umepangwa kiwandani, kwa kawaida gramu 3 hadi 3.5, na huna pa kuubadilisha. Mkono wenye jiwe la mizani na katriji nzuri hufanya kazi kwenye gramu 1.8 au 2. Katriji yenyewe haitoki, unabadilisha sindano tu. Je, gramu 3 zinaua santuri? Hapana, ikiwa sindano ni nzima na unaibadilisha kwa wakati. Nimewahi kumwambia msomaji mmoja hivyo, akanijibu kwa hasira kurasa nne. Msimamo wangu ni uleule. Kinachoua ni sindano iliyolika na uchafu, na kinachoua haraka zaidi ni yale masanduku ya kubebea mkononi yenye spika ndani na sindano ya plastiki nyekundu, yanayokandamiza gramu 5 na zaidi huku sanduku zima likitetemeka. Ukishawishiwa na rangi zake, funga macho upite.

Basi uamuzi. Kama muuzaji wa ile ya zamani yuko mbali na anataka kuituma kwa gari, acha. Sisemi kwamba ni mlaghai. Gramafoni haijui kusafiri. Nililetewa moja ambayo aliyeifunga aliacha sinia juu yake. Njiani lilirukaruka, likafika na beringi imeumia na mkono umepinda kama kijiti. Sinia hutolewa, jiwe la mizani huchomolewa, mkono hufungwa kwa uzi laini, kifuniko hutengwa. Mtu aliyeandika "inawaka, inazunguka" hatafanya hayo yote.

Kama yuko karibu, nenda. Beba santuri mbili ambazo hutazililia, moja iwe na piano ya polepole. Beba kikuza sauti cha kuazima, pamoja na hizo spika zako au hedifoni. Beba lenzi ya kukuza; mimi natumia ya marehemu baba yangu, aliyokuwa akitengenezea saa.

Kabla ya kuwasha chochote, shika mkono kwa vidole viwili, taratibu, uusukume kushoto na kulia, juu na chini. Uende kama unaelea, usikwame popote, na usicheze pale kwenye egemeo. Ukisikia "tk-tk" ndogo, beringi za mkono zimekwisha, na hizo hutazitengeneza nyumbani. Kisha lisawazishe jiwe la mizani mpaka mkono ubaki hewani wenyewe kama mizani iliyokubali. Usipokubali, rudi kwenu. Teremsha mkono kwa kile kiwiko chake, kishikio kidogo cha kuunyanyulia na kuushushia: unatakiwa ushuke kama unyoya. Ukidondoka kama jiwe, mafuta mazito ya ndani yamekauka. Hilo linatengenezeka, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Tia lenzi kwenye sindano. Shina linyooke, ncha iwepo. Utashangaa ni mara ngapi ncha haipo kabisa na mwenye mali anakuapia ilipiga jana.

Sasa weka piano. Kila noti ndefu isimame palepale ilipoanzia. Ikiyumba kama inayotembea juu ya kamba, mwendo haujatulia. Zima muziki, acha sinia lizunguke, weka sikio karibu: kimya. Halafu, na hili wauzaji hawalipendi, sogeza sindano kwenye wimbo wa mwisho wa upande ule, ulio karibu na katikati. Watu wote hujaribu wimbo wa kwanza. Ukingoni mwa santuri pana mfuo unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na kibandiko ni kama 21 tu, yaani muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano mbovu au katriji iliyopinda inajificha ukingoni na kuumbuka katikati. Sikiliza herufi "s" za mwimbaji. Zikitoa mate, umeshajua.

Bonyeza 33, bonyeza 45 (ndiyo mizunguko kwa dakika), rudia mara kumi. Geuza vitufe vyote. Kwenye mashine za zamani vumbi la swichi ni la kawaida, lakini mwendo unaogoma kurudi si wa kawaida.

Ikipita haya yote, na kibandiko cha volti kikawa rafiki, ichukue ya zamani. Nakuambia hivyo mimi ambaye nimekaa kurasa nzima nikikutisha. Utakuwa na mkono unaopangika, na ukipata fedha utaweka katriji bora bila kubadilisha mashine. Ikifeli hata moja kati ya mkono, sinia au mwendo, nenda kwenye boksi bila huzuni. Na kama subira unayo, kuna njia ya tatu: ngoja kidogo, uchange, ununue mpya iliyo hatua moja juu, yenye jiwe la mizani na katriji inayofunguliwa kwa skrubu mbili. Audio-Technica, kwa mfano, wana familia ya katriji za VM95 ambamo mwili ni mmoja na sindano ni za ngazi mbalimbali. Unaanza na ya chini, ukichoka unavuta sindano na kuchomeka ya juu.

Nimebakiza zile kumi na moja nene. Hizo ni za shelaki, zinakwenda mwendo wa 78, na mifuo yake ni mipana mara tatu hivi kuliko ya santuri pana za vinaili, ambazo Columbia walizitambulisha mwaka 1948. Ile mpya ndogo kwa kawaida ina 33 na 45 tu. Na hata ukikuta mashine yenye 78, usizipige kwa sindano ya kawaida: inashuka mpaka sakafu ya mfuo na kuburuta uchafu wa vizazi. Inatakiwa sindano nene yake. Usinunue gramafoni kwa ajili ya hizo kumi na moja, angalau si leo. Zisimamishe wima, zisikae juu ya joto, na usizisafishe kwa spiriti maana shelaki inayeyuka.

*Bi Fundi, nina katriji ya Shure ambayo sindano yake imekwisha. Nimeambiwa kampuni haitengenezi tena, ninunue katriji nyingine. Ni kweli?*
— Msikilizaji wa Usiku

Nusu kweli. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Lakini usitupe mwili. Kwenye katriji za namna hiyo nyaya zimelala ndani ya mwili, hazisogei, hazichakai. Sumaku iko kwenye shina la sindano. Ukibadilisha sindano umebadilisha karibu kila kinachotikisika. JICO wa Japani wanatengeneza sindano za katriji nyingi za zamani zikiwemo za Shure. Soma namba iliyochapwa mbele ya mwili, agiza kwa namba hiyo, si kwa kufananisha picha. Nilifananisha picha mara moja. Ilichomeka vizuri sana, na haikutoa sauti.

Jiepushe na sindano za bei ya kutupa zisizo na jina la mtengenezaji. Nyingi nimezikuta zimegundishwa upande.

*Mume wangu ameweka gramafoni juu ya spika ili kuokoa nafasi. Tukiongeza sauti unaanza mvumo mzito unaokua mpaka tunazima. Anasema nimenunua mashine mbovu.*
— Mwenye Mashine

Mashine yako nzima. Iteremshe.

Spika inatikisa mbao, mbao zinatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko huo kwa spika kama vile ni muziki, na mchezo unaanza upya kwa nguvu zaidi. Iweke kwenye meza nzito isiyogusana na spika, ukutani kama inawezekana. Ukishaihamisha, ukasikia bado kuna mvumo mdogo usiokua, wa kiasi kilekile hata sindano ikiwa juu, huo ni mwingine: tafuta nyuma ya mashine waya mwembamba wa ethi unaoning'inia, ukaufunge kwenye skrubu ya amplifaya. Na mumeo mwambie nimemsalimu.